Ufuatiliaji wa maji ya juu ya ardhi katika migodi iliyofungwa

Ufuatiliaji wa maji ya juu ya ardhi katika migodi iliyofungwa ni kazi ya kupima mara kwa mara wingi na ubora wa maji ya mito, vijito, mabwawa na mifereji katika eneo lililokuwa mgodi, baada ya uchimbaji kukoma na ardhi kurejeshwa. Lengo lake ni kujua kama maji yanayotoka katika eneo hilo ni salama kwa watu, mifugo, mazao na viumbe wa majini walioko mkondo wa chini, na kutambua mapema mabadiliko yanayohitaji hatua.

Kazi hii ni muhimu hasa kwa migodi ya makaa ya mawe na ya metali, kwa sababu uchafuzi wa maji unaweza kuanza au kuongezeka miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Eneo linaweza kuwa limefunikwa na nyasi na miti huku maji yanayotoka chini yake yakiwa na asidi. Kwa hiyo uoto peke yake hauthibitishi kwamba mgodi umerejeshwa vizuri. Maji ndiyo yanayothibitisha.

## Chanzo cha tatizo

Makaa ya mawe na miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa (FeS₂). Pairiti ikiwa imefukiwa chini kabisa haina madhara kwa sababu haikutani na hewa. Uchimbaji huivunja na kuileta juu. Inapokutana na oksijeni na maji hugeuka kuwa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Bakteria wa jenasi Acidithiobacillus huharakisha badiliko hilo mara nyingi.

Maji yenye asidi huyeyusha metali nyingine zilizomo kwenye miamba, kama manganizi, alumini, zinki na shaba. Yakifika kwenye kijito na kuchanganyika na maji safi, chuma hutengana na maji na kutua kama tope la rangi ya kutu. Tope hilo hufunika mawe ya mtoni ambako wadudu wa majini huishi na samaki hutaga mayai. Alumini nayo hudhuru matamvua ya samaki.

Si kila mgodi wa makaa ya mawe hutoa asidi. Kiasi cha salfa hutofautiana, na miamba yenye chokaa huweza kuzimua asidi. Hata hivyo chokaa hiyo inaweza kwisha kabla ya pairiti kwisha. Ndiyo maana maji ya mgodi yanaweza kuonekana mazuri kwa miaka kadhaa, kisha yakabadilika.

Tatizo la pili ni mmomonyoko. Udongo uliorudishwa juu ya mashimo huwa haujashikana, na mvua za kwanza hubeba mashapo mengi hadi mtoni kabla mizizi ya mimea haijaushika.

## Urejeshaji wa ardhi

Urejeshaji wa ardhi ya mgodi kwa kawaida hufuata hatua hizi:
- kujaza mashimo na kupunguza mwinuko wa kingo;
- kufukia mawe yenye pairiti mahali ambapo hewa na maji haviyafikii kwa urahisi;
- kuchimba mifereji ya kuyaelekeza maji safi ya mvua mbali na mawe hayo;
- kurudisha udongo wa juu uliohifadhiwa tangu mwanzo wa uchimbaji;
- kupanda nyasi na miti;
- kuacha mabwawa ya kutuliza tope mpaka uoto uweze kushika udongo.

Mashimo makubwa yasiyoweza kujazwa hubaki kuwa maziwa. Maji ya maziwa hayo nayo hupimwa, kwa kuwa wafugaji na wanavijiji huyatumia hata yakiwa hayakukusudiwa kwa matumizi hayo.

## Vituo vya kupimia

Mpango wa ufuatiliaji huanza kwa kuchagua mahali pa kupimia. Kwa uchache huhitajika vituo vitatu:
- kituo cha mkondo wa juu, kabla maji hayajafika kwenye mgodi;
- kituo cha mahali maji yanapotoka mgodini, kama vile mfereji au bwawa la tope;
- kituo cha mkondo wa chini, baada ya maji ya mgodi kuchanganyika vizuri na maji ya mto.

Kituo cha juu ndicho kinachosahaulika mara nyingi, lakini bila hicho vipimo vya chini havina maana kamili. Mto unaweza kuwa na tope au chuma kwa asili yake, au kwa sababu ya mashamba na makazi yaliyoko juu ya mgodi. Tofauti kati ya kituo cha juu na cha chini ndiyo inayoonyesha mchango wa mgodi wenyewe.

Jambo la pili ni takwimu za msingi, yaani vipimo vilivyochukuliwa kabla uchimbaji haujaanza. Vikikosekana, hakuna anayeweza kusema kwa hakika mto ulikuwaje zamani, na mabishano kati ya mgodi na wananchi huwa magumu kutatuliwa. Inafaa takwimu hizo zichukuliwe kwa mwaka mzima au zaidi, ili kila msimu uwemo.

Mahali pa kituo hapabadilishwi ovyo. Kila kituo huwekewa alama na kuandikwa kwenye ramani, ili mtu mwingine aweze kupima mahali palepale baada ya miaka 10 au 20.

## Vipimo vinavyotumika

Vipimo vya kawaida ni hivi vifuatavyo:
- pH: huonyesha kiwango cha asidi. Maji yasiyo na asidi wala alkali yana pH 7. Kila pH inaposhuka kwa 1, asidi huongezeka mara 10. Hivyo maji ya pH 4 yana asidi mara 1,000 kuliko maji ya pH 7.
- Upitishaji umeme: huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Kifaa chake ni rahisi na matokeo hupatikana papo hapo.
- Salfeti: hubaki ndani ya maji hata asidi ikiwa imezimuliwa na chokaa. Kwa hiyo kupanda kwa salfeti huweza kuwa dalili ya mapema kwamba pairiti imeanza kuoza, ingawa pH bado ni nzuri.
- Uwezo wa kuzimua asidi: huonyesha akiba ya kinga iliyobaki katika maji. Ikipungua mwaka hadi mwaka, ni onyo.
- Chuma, manganizi na alumini: hupimwa maabara.
- Mashapo yanayoelea na uchafu wa rangi ya maji: huonyesha mmomonyoko.
- Joto na oksijeni iliyoyeyuka.

Viumbe wa majini nao hutumika kama kipimo. Viluwiluwi vya wadudu fulani hufa haraka maji yakichafuka, wakati vingine huvumilia. Kwa kuhesabu aina zilizopo, mtaalamu hupata picha ya hali ya mto kwa wiki au miezi iliyopita, jambo ambalo chupa moja ya maji haiwezi kuonyesha. Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa njia hii, unaoitwa TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini.

## Uchukuaji wa sampuli

Sampuli huchukuliwa pale mto unapotiririka vizuri, si pembeni palipotuama. Mchukuaji huelekea mkondo wa juu ili tope analotibua kwa miguu lisiingie kwenye chupa. Kwa kawaida chupa husuuzwa kwanza kwa maji ya mto huohuo.

pH na joto hupimwa hapohapo, kwa sababu hubadilika sampuli ikisafirishwa. Kabla ya kazi kipima pH husahihishwa kwa vimiminika vya pH inayojulikana, kwa kawaida 4, 7 na 10. Sampuli ya metali zilizoyeyuka huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, kisha hutiwa asidi ya naitriki kidogo ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Sampuli huwekwa kwenye sanduku la barafu na kupelekwa maabara mapema.

Ili kugundua makosa, baadhi ya sampuli huchukuliwa mara mbili mahali pamoja, na chupa nyingine hujazwa maji safi ya maabara. Ikiwa maji safi hayo yataonekana kuwa na metali, tatizo liko kwenye chupa au maabara, si mtoni.

## Wingi wa maji na mzigo wa uchafu

Kupima ubora bila kupima wingi wa maji ni kosa la kawaida. Katika kijito kidogo wingi unaweza kupimwa kwa ndoo na saa, au kwa kizuizi chenye mkato wa umbo la V. Katika mto mkubwa hutumiwa kifaa cha kupima kasi ya mkondo pamoja na ubao wenye vipimo uliosimikwa majini.

Mfano huu unaonyesha umuhimu wake. Wakati wa kiangazi mfereji unatoa lita 10 kwa sekunde, zenye miligramu 50 za salfeti kwa kila lita. Kwa siku moja mfereji huo hupeleka mtoni kilo 43.2 za salfeti. Wakati wa mvua mfereji huohuo unatoa lita 100 kwa sekunde zenye miligramu 20 kwa lita. Anayesoma ripoti ya maabara peke yake ataona kwamba maji yamekuwa bora. Lakini mzigo wa siku sasa ni kilo 172.8, yaani mara 4 ya ule wa kiangazi.

## Misimu ya mvua

Katika Afrika ya Mashariki ratiba ya kupima hufuata mvua. Sehemu za pwani ya kaskazini ya Tanzania hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Nyanda za juu kusini, ambako kuna makaa ya mawe, zina msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei.

Nyakati mbili ni za hatari zaidi. Ya kwanza ni mvua za mwanzo baada ya kiangazi: chumvi za asidi zilizokauka juu ya mawe huoshwa zote kwa pamoja na kuingia mtoni ghafla. Ya pili ni mwisho wa kiangazi, mto unapokuwa na maji machache ya kuchanganyika na yale yanayovuja mgodini. Mpango unaopima mara moja kwa mwaka, katika mwezi mzuri, unaweza kukosa nyakati zote mbili.

## Tanzania

### Maeneo ya makaa ya mawe

Makaa ya mawe ya Tanzania yanapatikana hasa kusini-magharibi mwa nchi, katika miamba ya Karoo. Maeneo yanayojulikana ni Kiwira na Kabulo (mikoa ya Mbeya na Songwe), Mchuchuma (Mkoa wa Njombe) na Ngaka (Mkoa wa Ruvuma). Mto Kiwira na Mto Ruhuhu huingia katika Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania inashirikiana na Malawi na Msumbiji.

Mgodi wa Kiwira ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China. Uzalishaji wake wa chini ya ardhi ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na baadaye mgodi ulirudishwa chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Historia ya aina hii inaonyesha hali ambayo mipango mingi haiitazamii: mgodi uliosimama, ambao haufanyi kazi wala haujafungwa rasmi. Maji hayasubiri uamuzi huo. Huendelea kuingia na kutoka kwenye mashimo.

### Sheria na taasisi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya migodi ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Inasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaweka mipaka kwa maji taka yanayoruhusiwa kutiririshwa, k.m. pH kati ya 6.5 na 8.5 na mashapo yasiyozidi miligramu 100 kwa lita.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inahusu vibali vya kutumia maji na kutiririsha maji taka. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, kila moja likiwa na bodi yake. Maeneo ya Kiwira na Ngaka yamo katika Bonde la Ziwa Nyasa.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zinadai mpango wa ufungaji wa mgodi na dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha mazingira. Dhamana hiyo ni muhimu kwa sababu mgodi ukishafungwa hauna tena mapato. Ikirudishwa kwa kampuni mapema mno, gharama za maji yatakayoharibika baadaye hubaki kwa serikali au kwa wanavijiji.

### Mifano ya migodi ya dhahabu

Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia katika Mto Tigithe, unaoelekea Mto Mara. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kutokana na kuvuja kwa bwawa la topesumu, na baadaye matumizi ya bwawa hilo yakasimamishwa. Mgodi huo ulikuwa bado unafanya kazi, ukiwa na wafanyakazi na maabara. Katika mgodi uliofungwa uvujaji kama huo unaweza kuchukua muda mrefu zaidi kugunduliwa.

Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega ulikuwa kati ya migodi mikubwa ya kwanza ya kisasa nchini kufungwa. Ule wa Buzwagi wilayani Kahama ulimaliza uzalishaji mwaka 2021.

### Kisarawe na Maneromango

Wilaya ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, pamoja na kata yake ya Maneromango, haina mgodi wa makaa ya mawe. Hata hivyo wilaya ina hazina kubwa ya kaolini katika vilima vya Pugu, na mchanga na kokoto huchimbwa katika sehemu mbalimbali za Mkoa wa Pwani kwa ajili ya ujenzi wa Dar es Salaam. Vilima hivyo ni chanzo cha Mto Msimbazi unaopita katikati ya jiji hilo. Wilaya iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao makuu Morogoro.

Katika machimbo ya aina hii kipimo kikuu si asidi bali mashapo. Chembe za kaolini ni ndogo sana, hivyo huelea kwa muda mrefu na kuyafanya maji kuwa meupe kama maziwa. Bwawa dogo la kutuliza tope halitoshi kuzizuia. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito hushusha sakafu ya mto na kubomoa kingo.

Vijito vingi vya pwani hutiririka wakati wa mvua tu. Katika vijito hivyo mpimaji hutembelea kituo kwa ratiba ileile hata kama ni kikavu, na kuandika kwamba hakuna maji, kwa kuwa ukavu nao ni taarifa. Mahali ambapo watu huchimba visima vifupi kwenye mchanga wa kijito, visima hivyo huingizwa kwenye mpango, kwa sababu maji yake ni yaleyale ya kijito.

## Nchi nyingine

Nchini Uganda mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ulifanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliacha huko Kasese lundo kubwa la pairiti yenye kobalti. Maji yenye asidi yaliyotoka kwenye lundo hilo yaliua mimea katika njia yake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Kuanzia mwaka 1999 kampuni moja ilichakata lundo hilo ili kupata kobalti, kwa kutumia bakteria walewale wanaooza pairiti. Mabaki mengine ya mgodi yalibaki kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko makubwa ya mwaka 2013 na 2020 yaliharibu bonde hilo.

Nchini Afrika Kusini mji mdogo wa Carolina, katika eneo la makaa ya mawe la Mpumalanga, ulipoteza maji yake ya kunywa mnamo Januari 2012. Baada ya mvua kubwa, maji yenye asidi kutoka maeneo ya migodi yaliingia katika bwawa la mji, na wakazi walitegemea maji ya magari kwa miezi kadhaa. Katika jimbo hilohilo, huko eMalahleni, mtambo uliofunguliwa mwaka 2007 husafisha maji ya migodi ya makaa ya mawe na kuyafanya yafae kunywewa.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe inadai maji yapimwe wakati wa uchimbaji na baada yake. Wajibu wa kampuni juu ya uoto huendelea angalau miaka 5 baada ya kupanda mara ya mwisho, na miaka 10 katika maeneo makavu. Dhamana hairudishwi yote mpaka masharti yatimizwe.

## Changamoto

Changamoto kuu ni muda. Asidi inaweza kuendelea kutoka kwa miongo mingi, lakini makampuni hubadilisha wamiliki, bajeti hupungua na kumbukumbu hupotea. Changamoto nyingine ni uhaba wa maabara karibu na migodi na gharama ya kupima metali.

Nyingine ni usiri wa taarifa. Vipimo vinavyobaki ofisini havimsaidii mama anayechota maji mtoni. Jumuiya za watumia maji, zinazotambuliwa na sheria ya mwaka 2009, zinaweza kushiriki kwa kupima pH na upitishaji umeme kwa vifaa vidogo na kuandika rangi ya maji, samaki waliokufa na siku za mvua. Vipimo hivyo havichukui nafasi ya maabara, lakini huonyesha siku na mahali ambapo sampuli ya maabara inapaswa kuchukuliwa. Wakazi wa mkondo wa chini ndio watakaoendelea kuwapo miaka 30 baada ya mgodi kufungwa.